Pikipiki ya Mkwe Mwenye Heshima

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, kila karani wa Kakamega aliyepandishwa cheo alijiona hawezi tena kutembea kwa miguu. Watu waliokuwa wakienda Bukura na kurudi kwa baiskeli bila kulalamika waligundua ghafla kwamba magoti yanawauma. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani kwamba dharau nitakayoimwaga hapa ilinipita kando. Nilikuwa afisa wa vyama vya ushirika. Nilipewa eneo la Lugari, ambako mashamba ya Wazungu yalikuwa yamekatwa vipande na kugawiwa watu wetu, na serikali ilikuwa tayari kunisaidia kununua pikipiki ya safari ndefu.

Sikuwa nimegusa pikipiki kwa miaka saba. Nilipokuwa bwana shamba mdogo pale Bukura nilipewa moja ya ofisi, nyepesi, na siku moja nikawa nateremka nayo kwenda kwa wakwe zangu. Kwetu mume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawapishani katika njia nyembamba. Mmoja hutoka njiani akageuza uso mpaka mwenzake apite. Siku hiyo nikaona leso ya mama mkwe mbele yangu, nikatoka njiani na pikipiki yote, nikaingia mtaroni na kuvunjika mfupa wa bega.

Kijiji kizima kilinisifu. Walisema hajapata kuonekana mkwe aliyekubali kuvunja mwili wake kuliko kumvunjia mama heshima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda mbio ili wasichana waliokuwa kisimani wanitazame, na ningeingia mtaroni hata kama mbele yangu kungekuwa na mbuzi tu. Sikumwambia mtu. Pikipiki niliiacha, sifa nikabaki nazo.

Sasa mama mkwe alikuwa mjane, amehamia Chekalini pamoja na mwanawe mdogo aliyepata shamba huko, na macho yake yalikuwa yanafungwa na mtoto wa jicho. Hospitali ya Kakamega walikuwa wakiutoa ugonjwa huo. Lakini kutoka shambani mpaka kituo cha basi ni mwendo mrefu, na alikuwa ameshaanguka mara mbili njiani, akakata tamaa. Mke wangu aliniomba neno moja tu. Nikinunua pikipiki, nitafute namna ya kumleta mama hospitali kabla giza halijamfunika kabisa. Alisema mara moja, na yeye si mtu wa kurudia.

Nikaanza kuchagua. Hakuna kazi inayomwonyesha mtu upumbavu wa wenzake kama kuchagua pikipiki. Ofisi nzima iligeuka mafundi. Karani wa hesabu, ambaye hakuwahi kupanda hata punda, alinifundisha habari za nguvu za farasi. Mkubwa wangu aliniambia kwamba afisa hawezi kuwaendea wananchi juu ya kitu kinacholia kama nyuki, kwani watamdharau. Yeye mwenyewe alikuwa anaendeshwa kwa Landrova na hakuna mwananchi aliyekuwa akimheshimu.

Pikipiki ya kwanza ilikuwa dukani, mpya, ya Kijapani, ndogo, ina kiti kirefu cha watu wawili. Muuzaji aliipangusa kwa kitambaa kila nilipoikaribia, kana kwamba macho yangu yanaacha matope.

"Hii inakunywanga mafuta kidogo sana, bwana," alisema. "Unaweza kusahau kama iko na tangi."

Aliiwasha. Ililia kama cherehani. Nilimuuliza kama anauza na uzi, nikatoka.

Ya pili ilikuwa misheni. Padri mzee alikuwa amerudi kwao, akaacha pikipiki chakavu yenye kigari cha pembeni, na kigari hicho, Mungu anisamehe, kilifanana na beseni la kuogea lililopigwa teke. Katekista aliyekuwa akiitunza alikifunua kwa fahari. Ndani mlikuwa na manyoya ya kuku.

"Hapa padri alikuwa anabebanga wagonjwa," alisema. "Wagonjwa na kuku. Wakati mwingine pamoja."

Mke wangu alikuwa ameandamana nami siku hiyo. Alishika ukingo wa kile kigari, akakitikisa kidogo kuona kama ni imara.

"Baba, hapa mtu anaweza kukaa peke yake," akasema. "Hagusani na anayeendesha."

"Na kuku," nikamjibu.

Katekista alicheka kwa adabu. Mke wangu hakucheka.

Ya tatu niliikuta Lugari, kwa Mzungu aliyekuwa anafunga virago. Alikuwa anauza kila kitu, vitanda, mbwa, trekta, hata mlango wa ghala. Nilimdharau tangu nilipomwona, kaptura yake na miguu yake myekundu, na jinsi alivyosimama bado kama mwenye nchi katikati ya masanduku yake. Lakini pikipiki yake sikuweza kuidharau. Ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, nzito, tangi lake linang'aa kama kioo, na alikuwa ameiendesha hadi Mombasa na kurudi. Ilikuwa na kiti kimoja cha ngozi juu ya springi, na nyuma yake karieri ya chuma ya kufungia mizigo. Nilipoizunguka mara ya tatu alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Hii mashini ya mwanaume," alisema. "Wewe nataka kufa?"

Kwa neno hilo akawa ameshaniuzia. Nimesikia watu wakisema walichagua pikipiki kwa sababu ya breki, au gia, au vipuri vinavyopatikana. Mimi nilichagua yangu kwa sababu Mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka alinitukana, na huko alikokwenda hakujua kamwe kwamba alinishinda.

Nilipoifikisha nyumbani majirani walitoka. Mke wangu alitoka pia, mwiko wa kusongea obusuma, ugali wetu, mkononi. Aliitazama pikipiki, akatazama kile kiti kimoja.

"Mama atakaa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kwamba mama hawezi kukaa nyuma yangu akinishika kiunoni, hata kama kiti kingekuwa kirefu kama benchi la kanisa. Nikamuuliza kama anataka watu waseme nimekosa adabu, mimi niliyevunjika bega kwa ajili ya heshima ya mama yake. Yote niliyosema yalikuwa kweli kwa desturi zetu, na yote niliyasema ili nisitajiwe tena kile kigari cha kuku.

"Sawa, Baba," alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Miezi iliyofuata nilivimba kichwa. Nilikuwa nikitoka Kakamega asubuhi, napita Malava, naingia Lugari nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na mngurumo wangu ukitangulia kama gari la chifu. Wakulima walisimama kutazama. Nikifika Chekalini nilipita njia ya mkato inayopita kati ya mahindi ya shemeji yangu, kutoka mtoni hadi barabarani, na kila mara niliikuta tupu. Hakuna mtu, hakuna mtoto, hakuna ng'ombe. Nilijiambia kwamba watu wa huku wanajua adabu, wanampisha afisa.

Siku moja, mara tu nilipovuka mto, injini ilikohoa ikafa. Nilikanyaga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Nilifungua plagi, nikaipuliza, nikairudisha, nikamtukana Mzungu wa watu, kisha nikaanza kusukuma. Pikipiki ya mwanaume ikizimika ni mzigo wa wanaume wanne. Nilipanda ule mwinuko jasho likinitiririka, magurudumu yakinong'ona tu kwenye vumbi, na ndipo nilipomwona mtu ndani ya mahindi.

Alikuwa mama mkwe. Alisimama mistari mitatu ndani, amenipa mgongo, leso imevutwa kichwani, fimbo mkononi. Nyayo zangu akazisikia. Hakugeuka.

"Wewe unayepita," aliuliza kwa lugha yetu, "yule mkwe wangu ameshapita?"

Nilisimama nimekumbatia usukani. Sikupaswa kumjibu, na sikuweza kupita bila kumjibu.

"Nilimsikia kule mtoni," aliendelea, "halafu sikumsikia tena. Nimesimama kitambo."

"Amepita, mama," nikasema, nikiikaza sauti iwe ya mtu mwingine.

"Afadhali. Pikipiki yake ni nzuri, ina sauti. Nikiisikia mtoni napata nafasi ya kutafuta mahindi kwa fimbo. Ingekuwa ile ndogo ya zamani ningemkuta njiani, aanguke tena."

Akatoka akipapasa mabua. Majani yalikuwa yamemkwaruza mikono, michubuko mingine mipya, mingine imeshakauka na kuacha alama. Alipata njia kwa fimbo, akaanza kupanda polepole mbele yangu. Sikuweza kumpita. Nilikaa pale nimeishika mashini yangu isianguke mpaka alipopotea juu ya mwinuko.

Nimewadharau watu wengi maishani, na wengi wao walistahili. Siku hiyo nilijidharau mwenyewe, na ilikuwa kazi rahisi kuliko zote. Kumbe njia ile haikuwa tupu. Mama wa watu, karibu kipofu, alikuwa akikimbilia mahindini kila nilipopita, akiilinda heshima ambayo mimi niliitumia kukwepa beseni. Nilipima nguvu za injini, nikapima tangi, nikapima mpaka macho ya majirani. Mtu niliyeombwa kumbeba sikumpima.

Wiki hiyo hiyo nilimwachia karani wa hesabu ile mashini nyeusi pamoja na farasi wake wote. Misheni nilikuta pikipiki ya kigari bado ipo, kwa kuwa hakuna mpumbavu mwingine aliyeitaka. Nilimwomba fundi wa mjini ageuze kiti cha kigari kitazame nyuma, na juu ya tairi la nyuma anifungie kiti cha mke wangu. Aliniuliza kama nina akili timamu. Ofisini walinipa jina la Bwana Beseni, na mkubwa wangu akaniomba nisiwe naiegesha karibu na bendera.

Tulimchukua mama mkwe asubuhi moja ya kiangazi. Mimi nilikaa kwenye usukani nikitazama mbele kama sanamu, mpaka niliposikia mke wangu akimwambia mama yake ainue mguu, kisha aushushe, kisha akae. Mke wangu alipanda nyuma yangu. Tangu nivunjike bega hakuwa amekubali kupanda pikipiki. Kutoka Chekalini hadi Kakamega tulikwenda hivyo, mimi na mama mkwe tumepeana mgongo, manyoya ya kuku yakitoka kwenye kigari moja moja na kupeperuka nyuma yetu. Baiskeli zilitupita. Niliziacha zipite.

Walimpasua jicho moja, kisha la pili. Mimi sikuingia wodini. Kila jioni nilisubiri getini, mke wangu akaniletea habari. Siku waliyofungua bandeji alitoka akitembea polepole, akasimama kando ya kigari.

"Anaona?" nikamuuliza.

"Anaona. Amesoma mpaka namba ya kitanda." "Anauliza kama yule mtu aliyekuwa akisukuma pikipiki kule kwenye mahindi alipata fundi."

Nilitazama usukani. Uso ulinichoma kama nimeegemea ekzosi.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia alipata." Alipanda nyuma yangu, akavuta leso yake vizuri. "Na anasema siku ile ya mtaro yeye alikuwa ameshatoka njiani zamani. Alikusikia tangu kisimani. Anasema usijali, hajamwambia mtu."

Nilikanyaga kiki. Beseni liliwaka mara ya kwanza, kama kawaida yake, tukaenda nyumbani.