Kifundo Kilichopona Kwenye Picha

Majina yao wote ninayo kichwani: daktari, nesi aliyekata plasta, hata yule aliyenipakia kwenye pikipiki mvua ikinyesha. Siyaandiki. Wenyewe wanajijua.

Niliteleza nikishuka kutoka shamba langu la mlimani, juu ya Bwera, na mihogo kichwani. Kifundo cha mguu kikavunjika pande zote mbili, unyayo ukatazama kando. Hospitalini Kasese walinipasua, wakatia chuma na skurubu. Miezi mingi nilikaa, gongo la kwapani huku, gongo huku. Siku ya mwisho daktari akainua picha ya mifupa dirishani.

"Mama, mfupa umeshikana vizuri sana. Umepona."

"Mbona siwezi kuchuchumaa? Kisigino kinakataa kugusa chini, naanguka nyuma. Na mlimani je? Mguu haukunjiki."

"Sasa mama, kwa umri wako unaenda mlimani kutafuta nini?"

Manesi wakacheka. Nikamuuliza kama yeye hali chakula. Akaandika, akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani kitindamimba wangu, mtu mzima mwenye mke na watoto, alitoboa kiti cha plastiki akakiweka chooni nikikalie. Kwa hilo nilimshukuru. Lakini siku chache baadaye nilimsikia akimwambia mkewe kwamba shamba la juu analitia kalitusi, miti ya mbao, maana mama ni kilema sasa.

Hasira ilinipanda, na mpaka leo haijashuka vizuri. Hospitali nimepona, kwa hiyo hakuna wa kunisaidia. Nyumbani mimi kilema, kwa hiyo ninyang'anywe. Na mguu ni huo huo mmoja.

Asubuhi walipokwenda sokoni nilifunga gunia kiunoni, nikachomeka kisu, nikapanda. Penye mwinuko mkali niligeuka, nikakaa chini, nikajisukuma kinyumenyume kwa mikono na mguu mzima. Nilipofika jua lilikuwa kichwani. Miche ya kalitusi ilikwishasimama katikati ya kahawa yangu, kahawa niliyoipanda kabla yeye hajazaliwa. Nikaing'oa mmoja mmoja, nimekaa vilevile.

Mwanangu akanikuta huko, anahema.

"Mama, watu wamekuona unatambaa. Unanitia aibu."

"Aibu ni kuchimba mashimo haya bila kuniuliza."

"Nilijua huwezi kufika huku tena."

"Ndiyo maana ukachimba. Haya, shika jembe uliloliacha hapa, anza mstari ule."

Aliangalia miche yake ilivyolala. Kisha akainama. Tulipalilia mpaka jioni, yeye kwa jembe, mimi kwa kisu nikijiburuta juu ya gunia. Mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Alinibeba mgongoni kunishusha, na njia nzima nilimgombeza. Ile miche niliishika mkononi, yote, nisije nikaiacha kule akaipanda tena kesho.