Magaga ya Mama Mkwe

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji hapa Kasigau, na nimechoka. Nimechoka kusema jambo lilelile kila Jumapili baada ya ibada, kina mama wakiwa tayari wanawaza sufuria zao. Angalieni ngozi, nawaambia. Doa jeusi lililozuka karibuni na linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa au rangi mchanganyiko, au kidonda kisichopona, msingoje. Kwa sisi watu weusi saratani hii hupenda kujificha kwenye nyayo, viganjani na chini ya kucha. Wananiitikia vizuri sana. Kisha mmoja anasema huo ni ugonjwa wa wazungu, wanacheka, tunafunga kwa sala.

Nikiwaomba wavue viatu, hapo ndipo kazi. Watanionyesha matiti, watanionyesha jipu la pajani, lakini nyayo, ng'o. Sababu ni magaga. Huku tunalima pekupeku, na ardhi inapasua visigino mpaka punje ya mahindi inaweza kuzama humo. Mwanamke anayejiheshimu haonyeshi mguu wa namna hiyo mbele za watu. Nilivua vyangu kwanza. Wakaniambia pole, wakabaki na viatu vyao.

Mama mkwe wangu hukaa benchi la mbele. Mwaka jana alianza kuchechemea. Nilipomuuliza, alisema ni mwiba uliomvunjikia kisiginoni, siku tulipokimbia ndovu waliovamia shamba. Kwetu mwiba si habari, kila mtu ana pini yake ya kuuchokolea. Nikamwambia, "Mama, lete mguu nikutazame."

"Wewe mke wa mwanangu ushike unyayo wangu huu? Ngoja kwanza, mwanangu. Nitakuonyesha."

Nilingoja, nikauliza tena, nikajibiwa vilevile. Sikio la kufa halisikii dawa, nilinung'unika jikoni. Nilisema kwa hasira kwa sababu nampenda.

Kisha asubuhi moja nikaona damu kwenye slipasi yake. Safari hii sikuomba ruhusa. Mume wangu alimshika mabega, mimi nikainua mguu. Hapakuwa na mwiba. Palikuwa na doa jeusi, huku limekoza, kule limepauka, limetambaa kutoka kisiginoni hadi katikati ya unyayo, na juu yake kidonda alichokichokoa kwa pini.

Hospitalini Voi walikata kipande kidogo cha nyama wakakipeleka kupimwa. Majibu yalipokuja, daktari alisema ni saratani, imezama ndani, na mguu lazima ukatwe ili tujaribu kumwokoa. Akamuuliza kwa upole kwa nini alikaa na doa hilo muda wote huo.

"Nilikuwa napaka mafuta kila siku, daktari," mama mkwe alisema. "Nilitaka magaga yapone kwanza, ndipo nikuletee mguu wa kutazamika."

Niligeukia ukutani nikalia.

Jumapili iliyopita alirudi kanisani kwa magongo. Hatujui kama ugonjwa umeisha, bado tunakwenda kliniki. Nilisema maneno yangu yaleyale, nikawaomba wavue viatu. Wengine waliinama, wengine wakatazama dirishani. Yeye alikuwa ameshavua kile kimoja, cha mguu uliobaki. Nilipiga magoti, akaniwekea mguu mapajani bila kubishana, nikaugeuza. Hapakuwa na doa lolote. Kisigino kilikuwa laini, hakina ufa hata mmoja.