Maua ya Kisima cha Bi Edna

Watu wa jengo letu hapa Yeoville, Johannesburg, hawaishiwi maneno. Wakinikuta kwenye ngazi na kikapu changu wananiuliza, "Tabia, bado unamkumbuka yule mzungu wako?" Mzungu wangu! Utadhani nimemnunua sokoni. Basi leo naeleza, nisiulizwe tena. Yule hakuwa mzungu wangu, alikuwa Bi Edna, na aliishi ghorofa ya tatu tangu jengo halijajua harufu ya dagaa. Wenzake walihama mmoja mmoja, wakaja Wakongo, wakaja Wanaijeria, tukaja sisi wa Tanga, naye yupo tu dirishani na kikombe chake cha chai. "Nihame niende wapi?" alikuwa akisema. "Nilishahama mara moja, inatosha."

Alizaliwa Uingereza, upande wa Derbyshire, kwenye kijiji cha milimani kiitwacho Ashlow. Baba yake alikuwa mpasua mawe. Akaolewa na fundi wa mashine, fundi akapata kazi kwenye karakana moja ya Jeppestown, mji huu huu, wakapanda meli. Mume akafa, na binti yao wa pekee, Ruth, akahamia Australia. Bi Edna akabaki na miguu yake mibovu, na Ruth akatafuta mtu wa kumtunza mama yake. Nikapatikana mie, niliyekuja Johannesburg kumfuata mume, mume naye akapotelea kwa mwingine. Tuyaache hayo.

Nilianza kazi mwaka 2015, na wiki ya kwanza tu nikajua nimeyakanyaga. Bibi anasema huyo! Nikimchana nywele, Ashlow. Nikipiga pasi, Ashlow. Duka la Bi Pott, aliyekata peremende kwa mkasi asije akakuzidishia kipande. Mwaka wa theluji kubwa, iliyofunika kuta za mawe za mashambani, baba yake akaenda kutafuta mkate akitembea juu ya kuta bila kujua. Mdogo wake Alfie, aliyefuga kunguru. Na kisima. Loo, kisima!

Kijiji chao kilikuwa na kisima ambacho hakikukauka hata mwaka wa ukame uliokausha visima vya majirani wote. Kwa hiyo kila mwaka watu wanakivalisha. Wanachukua mbao kubwa, wanazilowesha bwawani, wanazikandika udongo wa mfinyanzi uliotiwa chumvi ili usikauke upesi. Watoto ndio wanaoukanyaga ule udongo kwa miguu mitupu mpaka ulainike. Halafu kijiji kizima kinakaa kitako kubandika maua juu ya udongo, petali moja moja, mpaka inatokea picha ya mchungaji na kondoo wake. Picha inasimamishwa kisimani, padri anaibariki, ndiyo shukrani yao ya maji. Kazi ya Bi Edna, tangu akiwa mtoto mdogo, ilikuwa jicho la kondoo. "Mbegu moja nyeusi," alikuwa akiniambia, kidole juu. "Ukikosea jicho, kondoo anakuwa kichaa."

Sisemi uongo, nilikuwa nachoka. "Bi Edna," namwambia, "huyo kondoo nimeshamjua kuliko mbuzi wa kwetu." Anacheka, ananipiga kikofi cha mkono, anaanza upya. Kiingereza changu ni cha kuokoteza barabarani, lakini kile cha Ashlow nilikijua chote.

Baridi ya mwaka 2017 akapata kiharusi kidogo. Mkono ukarudi, mguu ukarudi, sauti haikurudi. Daktari akasema ulimi wake hauna neno, akitaka kusema anaweza. Haya, anaweza, lakini hasemi. Hata dirishani hakutazama tena. Unampa uji, anameza kidogo, anafumba mdomo. Chumba kilichokuwa na kelele za kijiji kizima kikawa kimya kabisa, nami nikamtamani yule kondoo, wallahi.

Ruth alipiga simu kila Jumapili. Namwekea mama yake simu sikioni, Ruth anaita, "Mama? Mama?" na huku hakuna jibu. Mwisho akaomba aongee na mie, sauti yake ni ya mtu aliyelia kabla ya kupiga. "Tabia, nakuja Oktoba. Kama bado hasemi wala hanijui, nitampeleka nyumba ya wazee Cape Town, kule kuna manesi muda wote. Siwezi kumwacha hivi."

Sikumlaumu. Mtoto gani angemwacha? Lakini kabla ya ugonjwa Bi Edna alinishika kifundo cha mkono akaniambia, "Tabia, nisitolewe humu. Nikitolewa humu sitajua tena nilikotoka." Nami nikajibu inshallah, kwa wepesi tu, kama unavyojibu ukiwa na nguo mkononi unataka kuanika. Sasa ile inshallah ikawa deni.

Tukahangaika. Victorine, msusi wa Lubumbashi mwenye saluni hapo chini, alipanda na kina mama wa kanisa lake wakaimba mpaka vioo vikatetemeka. Bi Edna akatazama ukuta.

"Dada Tabia," Victorine akaninong'oneza mlangoni, "uyu bibi, roho yake iko kwabo. Beko banamungoja."

"Shindwa na ulegee!" nikamwambia. "Hangojwi na mtu!"

Victorine akaguna akaondoka, na kesho yake akaleta supu ya kuku. Ndivyo alivyo, mdomo mmoja na moyo mwingine.

Septemba ikaingia na asumini zake. Mji huu wa mchanga wa migodi na moshi, asumini inatambaa kwenye kuta na nyaya za uzio bila kubembelezwa, na ikichanua mtaa unanukia kama nyumba yenye harusi. Na harusi kweli ilikuwepo, ya Fauzia, binti wa Mzee Burhani wa Zanzibar, nami nikaombwa nitunge vikuba. Kikuba ni kile kishada cha asumini na majani ya mrehani anachobandika mwanamke kifuani akanukia. Eish, mrehani wenyewe niliupata kwa tabu sokoni, umesinyaa. Nikamwaga maua kwenye sinia, nikakaa nayo kitandani kwa Bi Edna ili nisimwache peke yake, nikashika sindano na uzi. Mkono una kazi, mdomo hauna. Nikaanza kusimulia Ashlow, maana hakukuwa na wa kunisimulia.

"Basi siku ya kisima," nikasema, "mnadamka, mnachuma maua, mnakaa duara na sindano zenu. Tia ua, vuta uzi. Tia ua, vuta uzi, mpaka—"

"Sindano?"

Nikajichoma kidole.

"Sindano ya nini?" Sauti imekwaruza kama mlango wa stoo, lakini ilikuwa yake, tena ina hasira. "Hatukutunga! Tulibandika! Kwenye udongo! Nani kakwambia sindano?"

Ya Rabi! Na wala sikukusudia. Kwetu ua hutungwa. Muda wote ule niliosikiliza hadithi yake, macho yangu yalikuwa yakiona sindano, kwa kuwa sikuweza kufikiri ua litakaaje pahala bila uzi. Nililia huku nacheka, damu inadondokea asumini za bibi harusi. Bi Edna akalitazama sinia, akanitazama mie.

"Na jicho?" akauliza. "Jicho mliweka nini?"

Nikaona upenyo, nikaingia. "Shanga," nikasema.

"Shanga! Mungu wangu! Hakitiwi kitu ambacho hakikuota! Mbegu!" Kisha akaomba chai.

Tangu siku ile nikawa mwongo wa kupigiwa mfano. Nikasema Alfie alifuga bata. "Kunguru!" Nikasema Bi Pott alikata peremende kwa panga. Nikasema maua yanaanza kubandikwa juu, unateremka nayo. Hilo lilimkalisha kitako kitandani. "Chini! Unaanza chini, la juu linalalia la chini, mvua iteremke!" Nilijua sana. Ndivyo tunavyoezeka makuti. Lakini nikajifanya bwege, nikamwomba anionyeshe, akanionyesha kwa maganda ya vitunguu juu ya meza mpaka uji ukapoa. Siku nyingine hakuna kitu, ameugeukia ukuta, hata nimwambie kondoo wao alikuwa ngamia. Siku hizo nililia jikoni.

Oktoba Ruth akafika. Mwanamke mrefu, mabega ya mama yake yale yale. Akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, ni mimi." Bi Edna akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, akageuza uso. Ruth akaninyanyulia macho, nami humo machoni nikaiona Cape Town. Siku zote zile za uongo wangu, na leo ndiyo siku mbovu!

"Dada Ruth," nikamwambia, "msimulie Ashlow."

"Sijawahi kufika Ashlow, Tabia. Aliniambia nikiwa mtoto. Nimesahau karibu yote."

"Afadhali! Simulia hivyo hivyo ulivyosahau."

Ruth akapangusa pua kwa kiganja. "Mama, kulikuwa na kisima, sivyo? Na kila mwaka mlikuwa... mlikuwa mkitupa maua ndani ya maji?"

Hakujifanya, maskini. Alikosea kweli kweli. Nami nikaiona midomo ya Bi Edna inaanza kufanya kazi.

"Ndani ya maji?" akasema. "Maji ya kunywa? Ruth, nyamaza. Wewe hukuwepo."

Kamtaja! Ruth akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, analia, anacheka. "Kweli Mama, sikuwepo, sikuwepo." Na Bi Edna akawa anampapasa nywele, bado amekunja uso kwa yale maua ya majini. Wiki ile nzima Ruth alikosea kadiri ya uwezo wake na akagombezwa kadiri ya uwezo wa mama yake. Siku ya kuondoka alinikumbatia mlangoni muda mrefu. Cape Town haikutajwa tena.

Tukaishi hivyo. Maneno yake yalipungua polepole, kwanza akamsahau Bi Pott, kisha theluji, lakini kisima alikishikilia. Mpaka Septemba ya 2019. Hakuwa anameza tena ila chai kwa kijiko, na daktari alishatuambia tumwache apumzike. Ruth alikuwa njiani, ndege yake inafika kesho. Alasiri ile nilishuka nikachuma asumini kwenye uzio wa karibu na roboti, zile taa za barabarani, nikarudi nikakaa kitandani kwake. Nikatunga kikuba kidogo, nikakiweka kiganjani mwake, nikamfumba vidole.

"Siku ya kisima," nikasema, "tulidamka. Tukakaa na sindano zetu, tukatunga. Tia ua, vuta uzi."

Nikangoja. Nilitaka anigombeze, jamani. Mara moja tu. Nilitaka lile neno lake, "Sindano?", kuliko kitu chochote duniani.

Akafumbua macho. Akakisogeza kikuba puani, akanusa, akanitazama usoni.

"Ndiyo," akasema. "Tulitunga. Wewe ulikaa kushoto kwangu. Alfie akakurushia tope kwenye gauni."

Mie huyu, binti wa Tanga, nisiyewahi kukanyaga Uingereza wala kuiona theluji.

"Gauni langu jipya," nikasema. "Nilimkasirikia sana."

"Usimkasirikie. Mtoto yule." Akafumba macho, na kikuba hakukiachia.

Ruth alimwahi. Alimkuta anapumua, akamshika mkono ule wenye kikuba, na jioni yake Bi Edna akaenda zake, kitandani mwake, ndani ya nyumba yake. Victorine alipanda na kina mama wenzake, safari hii wakaimba kwa sauti ya chini.

Baada ya mazishi tulikaa jikoni, mie na Ruth, chai inapoa. Akaniuliza kama mama yake alisema chochote mwishoni. Nikamweleza yote, asumini, tope, na ile "ndiyo, tulitunga". Ruth akatabasamu na machozi yake.

"Lakini hawakutunga, Tabia," akasema kwa upole. "Walibandika. Kwenye udongo. Hata mimi sasa najua."

"Mwaka ule tulitunga," nikamwambia. "Nilikuwepo."