Swichi Kutoka Stoo

Ofisini walimwita Bi Swichi, na jina lenyewe alilipenda. Swichi ni yale masanduku bapa yenye matundu ya waya na vitaa vya kijani, na jengo lile lilikuwa nalo moja kila ghorofa. Kazi yake ilikuwa kuugawa mtandao ili wahasibu wawe kivyao, kamera za ulinzi kivyake, na wageni wapate intaneti bila kuchungulia pengine. Mgawanyo huo aliuandika kwenye swichi kuu, na zilizobaki zikaunakili zenyewe.

Miaka yote alikuwa mtu wa mkataba, akiomba ajira ya kudumu na kupigwa danadana. Sasa mkuu wa kitengo akatangaza kwamba ipo nafasi moja, na wanaoitaka ni wawili. Wa pili alikuwa mume wa mdogo wake, ambaye Bi Swichi mwenyewe alimwombea kazi na kumfundisha hata kushika waya. Alimwamini kupita kiasi, masikini.

Swichi ya ghorofa ya juu ikafa. Stoo kulikuwa na nyingine kuukuu, iliyorudishwa kutoka tawi lililofungwa.

"Umeifuta mgawanyo wa kule ilikotoka, shemeji?" Bi Swichi aliuliza akiikaza kabatini.

"Zamani! Wewe chomeka tu."

Hakuifuta. Na swichi hizi zina upumbavu wao: ile ambayo mgawanyo wake umebadilishwa mara nyingi zaidi ndiyo inayoaminiwa na wenzake, hata na swichi kuu. Ile kuukuu ilikuwa imechokonolewa sana huko ilikotoka. Waya ulipoingia tu, jengo zima likatupa mgawanyo wake na kuchukua wa tawi lililokufa. Vitaa vikageuka rangi ya chungwa. Simu zikakatika, na wahasibu wakaanza kupiga kelele.

"Aliniambia ameifuta," alimweleza mkuu.

"Nilimwambia asubiri niifute," shemeji alisema, kwa upole wa kuchefua. "Nakala ya mgawanyo ninayo, mkuu. Narudisha sasa hivi."

Akarudisha, hatua kwa hatua, vilevile alivyofundishwa. Bi Swichi alitolewa getini siku hiyohiyo na mlinzi aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake, akamwaga yote huku akilia. Mdogo wake aliendelea kukunja nguo.

"Najua, dada," alisema. "Tulikaa tukalizungumza. Mimi ndiye niliyemwambia asiifute."