Mwanya katika Ukuta wa Mto

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo hunirudia kila maji ya mto yanapoanza kupungua, nami humshukuru Mungu kwamba bado inanirudia. Nilikuwa kijana, karani katika ofisi ya mji hapa Kisangani, miaka ile ya hamsini Wazungu walipokuwa bado wanatutawala. Nilikuwa na kalamu ya wino, na, Bwana anisamehe, niliivaa mfukoni mahali ambapo kila mtu angeiona.

Ofisi ilipanga kuutengeneza upya ufuko wa watu wote, chini kidogo ya bandari: ukuta mrefu wa mawe, bustani nyuma yake, viti vya kupumzikia na chumba cha waogeleaji. Mhandisi alinituma nikaandike ni nani wanaoutumia. Nilikwenda mwezi wa kumi na moja. Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye majani, mpana, kimya, ukungu juu yake, na magugu yakielea polepole kama yaliyo ndotoni. Sikuona mtu. Nikaandika: Hakuna. Nikarudi ofisini na viatu vikavu.

Mwezi wa pili nilirudi na wapimaji kupigilia vigingi. Maji yalikuwa yameshuka na mchanga umejitokeza, mweupe, mrefu, na juu yake palikuwa na maisha mazima. Mitumbwi ya wavuvi wa kijiji cha Yanonge imepandishwa. Wanawake wameanika samaki kwenye mikeka. Sauti zao zilinifikia kwa mbali, ingawa walikuwa karibu, kwa jinsi nilivyoduwaa. Mama mmoja alikuwa ametundika kitenge chake juu ya kigingi chetu.

“Karani, merci, asante,” alisema. “Tulikosa miti ya kuanikia nguo. Leta ingine.”

Wenzake wakacheka. Mpimaji akawaambia kwamba ukuta utapita hapo, na mitumbwi itafute kwingine. Kicheko kikaisha, kwa sababu kwingine kote palikuwa na mawe na maji ya kasi, na mtumbwi wenye mzigo usingeweza kuegeshwa.

Papa Litoko, baba wa heshima na mzee wa kanisa letu, alikuwa amekaa kwenye mtumbwi wake akishona wavu.

“Mwana, nani aliandika hapa hapana watu?”

“Ni mimi, papa.”

“Ulikuja mwezi gani?”

Nikamwambia.

“Bon. Mto ulikuwa umelala juu ya muchanga, wewe ukaandika muchanga hauko.” Akavuta uzi, akaukata kwa meno. “Na wewe mwenyewe, nilikubatiza wapi?”

Nilikuwa nimesimama pale pale. Miaka saba nyuma mkono wake ulinishika mgongo, maji yakafunika masikio yangu, na nilipoinuka jua lilikuwa limetapakaa juu ya mto wote na watu wakiimba mchangani. Mahali hapo ndipo nilipoandika Hakuna.

Nilikwenda kwa mhandisi siku ile ile, nikamweleza.

“Mchoro umekwisha,” alisema. “Unataka nimwambie mkubwa wangu kwamba karani wangu haoni?”

“Ndiyo, bwana. Ndivyo ilivyokuwa.”

Akanisukumia karatasi mpya niandike upya. Baadaye alinihamishia chumba kisicho na dirisha, nikanakili barua miaka miwili. Sikulalamika. Nilikuwa na mengi ya kuomba, na kimya cha kuombea.

Ukuta ulijengwa, na bustani pia. Lakini katikati upo mwanya, upana wa mitumbwi mitatu, wenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi mchangani. Watu wa leo hudhani ukuta ulibomoka hapo. Haukubomoka, mwanangu.

Sasa umeniambia ofisi inataka kuupanga tena ufuko ule, na daftari umepewa wewe. Nenda maji yakiwa yamejaa, nenda tena yakishuka. Usipoona mtu, uliza kwanza, ndipo uandike. Na ukigundua umekosea, rudi ukaseme mwenyewe kabla mawe hayajapangwa, hata kama itakubidi uache kiti cha dirishani.

Mungu aliyeupa mto majira yake akupe wewe subira ya kuyangoja. Akulinde kila ushukapo ngazi zile, na miguu yako ikute mchanga. Amina.