Gaynor wa Kuhama Benki

Usiku ule mimi na binti yangu Kayleigh hatukulala. Yeye alijilaza kwenye kochi, simu kifuani juu ya tumbo lake la miezi mitano, mimi nikawa jikoni najifanya napanga kabati la sahani. Mshauri wa mikopo alikuwa amesema jibu la mkopo wa nyumba lingetoka kabla ya siku kwisha, na siku ilikuwa imekwisha kimya. Nyumba yenyewe iko Fenton, karibu na kwetu, ya safu iliyoshikana kuta, vyumba viwili juu na ua mdogo nyuma wa kuanikia nguo. Mwenye nyumba alishatuambia kwamba kuna mnunuzi mwingine anayengoja sisi tushindwe. Kayleigh na mwenzi wake Dale walikuwa wameweka akiba miaka minne, wakiishi kwenye chumba changu cha nyuma ambamo kitanda cha kukunja na kabati haviwezi kufunguliwa kwa wakati mmoja.

"Mama, hizo sahani zimekukosea nini?"

"Nazipanga tu."

"Umeshazipanga mara tatu. Njoo ukae."

Sikukaa. Nilikuwa namfikiria Gaynor, maana Gaynor ndiye aliyeniambia hakuna kitakachoharibika.

Gaynor Colclough ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Akikohoa nasikia. Tulianza kazi pamoja tukiwa wasichana, kiwandani hapa hapa Longton, tukibandika maua kwenye vikombe vya chai. Kiwanda kilipofungwa tukaingia pamoja kwenye jiko la shule, yeye upande wa viazi, mimi upande wa masufuria. Mama yangu alipofariki, Gaynor alikata mikate ya nyama ya msibani usiku kucha bila kuombwa, na asubuhi akaja amevaa viatu viwili visivyofanana, akacheka hadi waombolezaji nao wakacheka. Mwanawe Kieran na Kayleigh wangu wameoga beseni moja. Ndiyo maana nilipokuwa na neno la kuuliza, nilimuuliza yeye.

Mambo ya benki aliyaanza mwaka ambao mtambo wake wa maji moto ulikufa wakati wa baridi. Hakuwa na pesa ya kuutengeneza. Akaona tangazo: benki fulani inampa pauni mia na sabini na tano mtu yeyote atakayehamia kwao. Akahama. Pesa ikaingia kweli, fundi akaja, Gaynor akaoga maji moto akiimba hadi nikagonga ukuta. Tangu siku ile hakutulia. Wengine hapa wana bustani, wengine wana njiwa. Gaynor ana benki.

Alinieleza siri yake akimenya viazi. Ukihama, benki mpya ndiyo inayoivuta akaunti yako kutoka ile ya zamani, pamoja na mshahara na makato yote ya gesi na maji, kisha ya zamani inafungwa. Lakini mjanja hahamishi akaunti yake ya kweli. Anafungua nyingine tupu pembeni, ya kutolewa kafara. Kwa kuwa benki inataka akaunti iwe na makato mawili kila mwezi, anaweka mawili ya kitoto, pauni moja huku na pauni moja kule. Gaynor zake zilikwenda kwenye kituo cha kutunza punda wazee na kwa watu wa mashua za uokoaji. Halafu anaihamisha hiyo ya kafara, anachukua zawadi, anafungua nyingine.

"Kwa hiyo punda wanakula kwa ajili yako," nilimwambia.

"Wananenepa, shoga. Wakiniona tu watasimama kwa heshima."

Nami nilifanya mara moja, mwaka juzi. Nilikaa jioni nyingi na simu, nikasahau neno la siri, nikaweka jingine, nikalisahau na hilo. Barua ikaja, ya pili ikaja. Kila siku ya kulipia gesi niliogopa makato yamepotea njiani. Lakini pesa iliingia, na nikanunua mashine ya kufulia ninayoitumia hadi leo. Siwezi kumsingizia mtu.

Ilikuwa Februari Gaynor alipomgeukia Kayleigh. Tulikuwa mezani kwangu, watatu, na sufuria ya chai. Kayleigh alikuwa amepata kibali cha awali cha mkopo wake na alikuwa akipiga hesabu ya kitanda cha mtoto.

"Kitanda cha mtoto unanunua kwa pesa yako?" Gaynor alisema. "Mwanangu, hizo pesa zipo barabarani, ni za kuinama tu. Benki mbili sasa hivi zinagawa. Lete simu yako."

"Ni ngumu?"

"Ingekuwa ngumu mama yako angeweza?"

Kayleigh alicheka. Mimi sikucheka. Nilisema, "Gaynor, ngoja. Huyu anaomba mkopo wa nyumba. Hii haitamharibia?"

Namkumbuka alivyochukua biskuti, akaichovya, akaila yote kabla ya kunijibu.

"Itaharibu nini? Mkopo si wameshamkubalia?"

"Ni kibali cha awali. Watamwangalia tena."

"Watamwangalia mshahara. Lyn, wewe ungeogopa hata kivuli chako kama kingekuwa na mkoba. Nimehama mara ngapi mimi? Nimekufa?"

"Wewe huombi nyumba."

"Haitaharibu kitu," alisema, akanishika mkono. "Ningekuwa na wasiwasi, ningemgusa huyu mtoto?"

Nikamimina chai. Mimi shule niliacha mapema, na mtu akinijibu kwa uhakika huwa najiona mjinga kuendelea kuuliza. Kufika Aprili Kayleigh alikuwa amefungua akaunti nne, mbili za kafara na mbili za kuhamia, na kitanda cha mtoto kilikuwa kimesimama kwenye korido kwa sababu chumbani hakikuingia.

Jibu lilikuja asubuhi baada ya usiku ule wa sahani, Kayleigh akipiga mswaki. Nilijua kabla hajasema, kwa vile maji yaliendelea kutiririka na hakuna aliyeyafunga. Walikataa. Mshauri alipiga simu baadaye, akaweka sauti ya upole ambayo watu wa ofisini huiweka. Tuliisikiliza pamoja, simu imelala mezani.

"Kayleigh, umefungua akaunti nne tangu mwaka uanze. Kila ombi linaacha alama kwenye rekodi yako. Mkopeshaji akiona alama nyingi kwa muda mfupi, anadhani mtu anatapatapa kutafuta pesa."

"Lakini sikukopa kitu," Kayleigh alisema. "Ni zawadi tu."

"Mimi nakuelewa. Wao hawaoni zawadi, wanaona maombi. Tulia miezi sita, usifungue chochote, halafu tujaribu tena."

Miezi sita. Mtoto alikuwa anakuja Agosti. Nyumba ya Fenton ilimwendea yule mnunuzi mwingine kabla ya wiki kwisha.

Gaynor alikuja jioni ile ile na keki. Alimkumbatia Kayleigh, akalia machozi ya kweli hadi wanja ukamchuruzika.

"Washenzi wakubwa," alisema. "Mtu anaweka akiba miaka yote hiyo, wanamwangusha kwa upuuzi. Nani angejua?"

"Hakuna ambaye angejua," Kayleigh alimfariji. Yeye ndiye aliyemfariji.

Nikaikata keki. Niliwaza moyoni kwamba mtu hukosea. Nilijilaumu mimi zaidi, kwa kuwa niliona shimo nikakubali kuambiwa ni kivuli.

Watu jikoni shuleni waliniuliza baada ya hapo kama kuhama benki kunafaa. Niliwajibu hivi: kama huna jambo mbele yako, hutaki kukopa, una jioni za kupoteza na kichwa kinachoshika maneno ya siri, kunafaa. Pesa ni ya kweli. Lakini uliza kwanza, na umuulize mtu ambaye hapati faida na jibu analokupa. Hilo la mwisho sikulisema siku zile. Nimeliongeza baadaye.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye foleni ya chapati za shayiri, zile tunazokula na jibini na nyama ya nguruwe ya chumvi. Mbele yangu alikuwa Tasha, mke wa Kieran, mkamwana wa Gaynor. Msichana mwema, mdomo haufungiki. Yeye na Kieran walikuwa wamehamia nyumba yao wenyewe wakati wa Pasaka.

"Lyn! Nimesikia ya Kayleigh. Roho imeniuma."

"Ndiyo maisha. Na nyinyi mmezoea nyumba?"

"Tumezoea! Njoo uone mapazia ya sebuleni, ni haya mazito, yanafika chini. Tena umshukuru Kayleigh kwa niaba yangu."

"Kayleigh? Kwa nini?"

"Si zile hamsini hamsini za kumleta mtu? Benki inampa mama mkwe hamsini kwa kila anayemwingiza. Kayleigh aliingizwa mara mbili, ndizo alizotununulia mapazia. Hakukwambia?"

Mwenye duka aliuliza nani anafuata. Tasha akaagiza chapati sita, kisha akanigeukia tena.

"Na nyinyi hakuwapa akaunti?" nilimuuliza. "Kieran angepata zawadi na yeye."

"Thubutu! Alimkataza katakata. Mwaka mzima hatukuruhusiwa kugusa kitu. Siku moja Kieran alitaka kujiunga na moja, yenye mia mbili, mama yake akamnyang'anya simu mezani. 'Ukishika funguo za nyumba utafungua hata kumi,' akamwambia, 'lakini kabla ya hapo nitakukata vidole.'" Akacheka. "Unamjua alivyo."

Nilidhani namjua.

Nilitoka bila chapati. Nilipofika nyumbani Gaynor alikuwa kwenye ua wake anaanika mashuka, vibanio mdomoni. Nilisimama upande wangu wa ukuta.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua nini, mpenzi?"

"Kieran ulimnyang'anya simu."

Alitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja. Hakuuliza nani kaniambia.

"Lyn, sikuwa na hakika. Nilisikia tu mtu kasema inaweza kuharibu. Wengine wanafungua na wanapata mikopo yao vizuri."

"Hukuwa na hakika kwa Kieran ukamkataza. Hukuwa na hakika kwa Kayleigh ukaniambia haitaharibu kitu. Ulinishika mkono, Gaynor."

"Kieran ni mwanangu." Alisema hivyo kama mtu anayetaja siku ya juma. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mimi Kayleigh nilimwokota?"

"Sijasema hivyo."

"Kwa hamsini."

"Si kwa hamsini! Usinifanye mimi mtu wa hamsini." Sasa alipandisha sauti, na dirisha la jirani wa tatu likafunguka. "Nilitaka apate kitanda cha mtoto. Na kitanda kapata."

"Kapata. Kipo kwenye korido."

Aliinama akaokota shuka lililoanguka, akalikung'uta. Nilingoja aseme neno jingine, lolote. Angesema alikosea, nadhani ningeruka ule ukuta nikamsaidia kuanika. Alisema, "Wewe ndiye mama yake. Si ulikuwepo mezani?"

Nikaingia ndani.

Kayleigh sijamwambia. Mimba ni nzito, anavimba miguu, na Gaynor kwake ni kama shangazi. Nimemwambia tu tumegombana kwa mambo ya kazini. Kule jikoni shuleni nimeomba kubadilishiwa zamu. Usiku nasikia kikohozi upande wa pili wa ukuta na najikuta nahesabu kama kimezidi, halafu najikasirikia kwa kuhesabu.

Jana alasiri alikuja. Hapa kwetu mlango wa mbele ni wa polisi na wachuuzi, jirani hupita nyuma na hajui kubisha. Niliona kitasa cha jikoni kikizunguka. Kilizunguka tena. Nilikuwa nimeweka komeo, mara ya kwanza mchana tangu nihamie humu. Nikasikia viatu vyake vikienda kwenye kichochoro, vikazunguka kona, na kengele ya mbele ikalia.

Nilikwenda hadi kwenye korido, nikasimama kando ya kitanda cha mtoto. Kifuniko cha tundu la barua mlangoni kikainuka.

"Lyn. Najua upo, birika lako linapiga mluzi." Akakohoa. "Nimekuja kama mgeni, unaona? Fungua basi niongee na uso wako, si na kapeti."

Nilishika ukingo wa kitanda.

"Nimeyarudisha yale mapazia dukani. Pesa ninayo hapa. Nisukume ndani?"

"Usisukume," nilisema.

"Basi fungua."

Juu, Kayleigh aliamka. Ubao wa sakafu ulilia chini ya uzito wake. "Mama? Si Gaynor huyo? Mbona humfungulii?"

Niliweka mkono kwenye kitasa. Kilikuwa baridi. Niliwaza kwamba nikifungua ataingia, atakaa mezani, atachovya biskuti, atanishika mkono, na atakaponiambia jambo la uhakika sitajua tena anamwambia nani, Lyn rafiki yake au mtu wa kuingizwa benki kwa hamsini.

"Mama! Mlango!"

"Nausikia," nilimjibu, nikarudi jikoni kuzima birika.