Pusti Alivyobebeshwa Sauti Yangu

Sauti iliyo kwenye santuri ya kwanza ya bendi ya Bijela Žica ni yangu. Ksenija, yule wa nywele za fedha kwenye jalada, ni picha tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, napanga karatasi kiwandani kando ya mto Rječina. Shule niliiacha baba alipovunjika mgongo bandarini. Dorijan, mpiga kinanda cha umeme wa bendi hiyo, alikuwa mchumba wangu. Alinifundisha nyimbo jikoni kwa mama, mstari kwa mstari, maana kusoma kwangu kulikuwa kwa kubahatisha. Nikaziimba zote nane kwa siku mbili. Santuri ilipotoka jina langu halikuwemo. Akasema wenye kampuni wanataka sura ya kupigwa picha, nivumilie, ya pili atarekebisha. Ya pili aliimba Ksenija mwenyewe, na Dorijan akamwoa.

Miaka thelathini nimetaka neno moja tu, Dorijan aseme mbele ya watu wa mji wetu wa Rijeka kwamba aliyeimba ni mimi, Nevija. Mama alikufa akisikia majirani wakimwita bintiye mwongo.

Kila mwaka kanivali inapokwisha tunamchoma Pusti, sanamu la majani makavu, baada ya kumsomea maovu yote ya mwaka kana kwamba ni yeye aliyeyatenda: barabara mbovu, bei ya samaki, mvua. Mwaka huu Bijela Žica walialikwa kupiga siku hiyo. Nikamwendea mzee Lucijan, mwandishi wa mashtaka hayo, nikamkuta anakula fritule, vile viandazi vya sukari.

"Mjomba, niandikie na langu. Sema Pusti alimwibia Nevija wa kiwanda cha karatasi sauti yake, akamvika mwanamke mwingine."

Akacheka mpaka sukari ikamwagika kifuani. "Hilo tamu. Watu watavunjika mbavu."

"Wavunjike. Mradi lisikike."

Niliamini jina langu likisomwa pale, Dorijan atakosa pa kujificha.

Alasiri Lucijan akasimama gatini na joho lake jeusi. Langu lilikuja baada ya mashimo ya barabarani, kabla ya shakwe wanaonyea magari. Watu wakaitikia kwamba Pusti ana hatia. Nikamtazama Dorijan kando ya jukwaa. Alikuwa akipiga makofi na kuitikia kuliko wote. Ksenija alikuwa akitazama viatu vyake.

Pusti akawashwa. Nikapenya hadi kwa Dorijan, nikamuuliza kama amesikia.

"Nimesikia, Neva," akasema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Na Pusti ameshaungua. Kosa lililoungua na Pusti halifufuliwi. Si ndivyo tulivyolelewa?"

Waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kukubali. Hata mimi nimewahi kuwaambia wengine hivyo hivyo. Kwa mkono wangu nilikuwa nimempa mwizi wangu mtu wa kumbebea hatia yake.

Wakaanza kupiga wimbo wa kwanza wa santuri ile. Kiitikio kilitoka kwenye mashine, sauti yangu ya miaka kumi na tisa, na Ksenija akachezesha midomo. Bila kukusudia nikaimba nayo, polepole, huku majivu yakinitua mabegani.

Mama mmoja mwenye kinyago cha paka akanigusa mkono.

"Dada, unajua kumwiga Ksenija," akasema. "Mtu akifumba macho atadhani ni yeye."